Kutoa ni Moyo: Sikukuu ya Mavuno kwa Walutheri wa Kilimanjaro

Wahenga walisema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii hutajwa mara nyingi katika hotuba na karamu za arusi, lakini ni mahali pachache ambapo mtu aweza kuiona ikitendeka mchana kweupe, mbele ya umati wa watu. Mahali pamoja ni uwanja wa kanisa la Kilutheri kwenye miteremko ya mlima Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania, siku ya Jumapili ya mavuno. Hapo yai moja laweza kununuliwa kwa bei ipitayo bei ya kuku aliyelitaga, wala hakuna amwitaye mnunuzi mpumbavu. Watu hupiga makofi, yai hukabidhiwa mwenyewe kwa uangalifu, na mnada huendelea.

Mgeni apitaye njiani huenda akacheka, akadhani kwamba ni mchezo wa watu walioshiba. Lakini katika mchezo huo mna jambo kubwa ndani yake. Kwa miaka mingi sharika za mlimani zimejenga makanisa na kuwatunza wainjilisti wao kwa ndizi, mayai, mahindi na kuku walioletwa namna hiyo. Tena mna swali ambalo kila nyumba hulazimika kulijibu: je, mtu asiye na fedha ana nini cha kutoa, na akitoa, kitahesabiwa kuwa kitu?

MWAKA WA KANISA NA MWAKA WA SHAMBA

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lijulikanalo kwa kifupi kama KKKT, liliundwa tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yalipoungana kuwa kanisa moja. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Askofu Stefano Moshi, mwenyeji wa Kilimanjaro. Kama Walutheri wengine duniani, waumini wake hufuata kalenda ya kale ya kanisa. Mwaka huanza na Majilio, yaani majuma manne ya kuingojea Krismasi. Baadaye huja Kwaresima, siku arobaini za toba, kisha Pasaka. Siku ya arobaini tangu Pasaka ni ya Kupaa, na siku ya hamsini ni Pentekoste. Baada ya hapo hufuata Jumapili nyingi zisizo na sikukuu kubwa, mpaka Majilio yarudi tena.

Mkulima wa mlimani naye ana kalenda yake, isiyoandikwa katika kitabu. Mvua za masika huanza mnamo Machi na kuendelea hadi Mei. Kwa hiyo mara nyingi Kwaresima humkuta akiwa na jembe mkononi, ghala ikiwa imepungua na mbegu zikiwa ardhini. Hana haja ya kufundishwa maana ya kungoja kwa subira, kwa kuwa tumbo lake limekwisha mfundisha. Baada ya masika huja miezi ya baridi, ambapo ukungu hushuka mlimani na kuifunika migomba asubuhi nzima. Ndipo mahindi na maharage ya mashamba ya chini yanapokauka tayari kuvunwa, na buni za kahawa zinapoanza kuwa nyekundu. Vuli nayo hunyesha kuanzia Oktoba. Kisha Desemba huwaleta nyumbani watoto wa mlimani walio Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, hata makanisa hufurika siku ya Krismasi na wengine husimama nje madirishani.

Sikukuu ya mavuno huangukia katika zile Jumapili ndefu za baada ya Pentekoste. Wamisionari waliotoka Ujerumani waliijua desturi ya kwao ya kumshukuru Mungu kwa mavuno karibu na sikukuu ya Malaika Mikaeli, iliyo tarehe 29 Septemba, wakati ambapo baridi ya Ulaya inakaribia na kila kitu hakina budi kuwa kimekwisha ingizwa ghalani. Lakini Kilimanjaro haina majira ya Ulaya. Mgomba huzaa mwaka mzima, mahindi yana wakati wake, na kahawa ina wakati wake. Kwa sababu hiyo tarehe haifanani kila mahali. Usharika huchagua Jumapili yake kufuatana na mavuno yake, na wazee wa kanisa huitangaza mapema ili kila nyumba ijiandae. Sikukuu ya Mikaeli nayo imebaki na kazi yake nyingine. Katika KKKT imekuwa siku ya watoto, iitwayo Mikaeli na Watoto, ambayo vijana wadogo huongoza nyimbo na masomo huku wazazi wao wakisikiliza.

Mizizi ya sikukuu ya mavuno ni mirefu kuliko Ulaya. Torati iliwaamuru Waisraeli waende mbele za Mungu na malimbuko ya nchi, na ikawakataza kwenda mikono mitupu. Kila mtu alitakiwa kutoa kwa kadiri alivyobarikiwa. Amri nyingine, iliyo katika kitabu cha Mambo ya Walawi, ilimkataza mkulima kuvuna pembe za shamba lake na kuokota masazo, ili maskini na mgeni wapate chao. Ndiyo kusema kwamba shukrani kwa Mungu na riziki ya maskini ziliwekwa pamoja tangu mwanzo.

MIZIGO YA ALFAJIRI

Ili kuifahamu sikukuu hii, msomaji hana budi kwanza kulifahamu shamba la Mchagga. Karibu na nyumba pana kihamba, yaani shamba la ukoo lirithiwalo kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Humo mna migomba mirefu, na chini yake mikahawa, na chini ya mikahawa magimbi na mboga. Ng'ombe hufugwa zizini, na samadi yake hurudishwa migombani. Lakini kihamba hakitoshi kwa nafaka. Basi jamaa nyingi huwa na shamba jingine chini tambarare, kwenye joto, ambako hupanda mahindi na maharage. Mazao ya huko hupandishwa mlimani, na tangu zamani mizigo hiyo, pamoja na majani ya ng'ombe, imekuwa juu ya vichwa vya akina mama.

Kwa hiyo Jumamosi ya kabla ya sikukuu ni siku ya shughuli. Baba huzunguka kihambani akitazama mikungu, agonge huu na kuupita ule. Mama hufungua gunia la maharage na kuyapepeta. Watoto hukimbizana na kuku. Na hapo ndipo kila nyumba hupimwa kwa siri, kabla ya ibada. Mkungu upi utakatwa? Ule mkubwa ulionona, ambao sokoni ungeleta fedha ya daftari za shule, au ule mwembamba uliopindwa na upepo? Hakuna mzee wa kanisa ajuaye siri hiyo. Wajuao ni wenye nyumba na watoto wao wanaosimama karibu wakitazama.

Wazazi wenye busara huitumia Jumamosi hiyo kuwa shule. Hawamkabidhi mtoto sarafu asubuhi ya Jumapili, akaitumbukize sadakani kama mtu apelekaye barua ya mwenziwe. Humpa kuku mdogo amlee, au tuta moja la mboga alimwagilie, mapema katika mwaka. Mavuno yanapofika, mtoto huyo hubeba yai la kuku wake, au fungu la mchicha wa tuta lake, na hulibeba kwa mikono miwili. Amekwisha jifunza kwamba sadaka ina jasho ndani yake. Somo la namna hiyo halisahauliki upesi.

Kulipopambazuka, njia zote zielekeazo kanisani hujaa watu. Wanawake wamevaa vitenge vyao vizuri, na mikungu iko vichwani. Vijana huvuta mbuzi wasiotaka kwenda. Wazee hutembea polepole, mkono mmoja umeshika mkongojo, na mwingine umeshika kikapu chenye maparachichi au magimbi. Kengele inapolia, sauti yake huteremka mabondeni, na wale waliochelewa huongeza mwendo.

NDANI YA KANISA

Katika sharika nyingi za mlimani ibada ya sikukuu huongozwa na tarumbeta. Wajerumani walileta desturi ya vikundi vya wapiga tarumbeta wa kanisa, na watu wa Kilimanjaro waliipokea wakaifanya kuwa yao. Vijana hufundishwa na waliowatangulia, na tarumbeta hupigwa kanisani, makaburini na katika maandamano ya sikukuu.

Vitu vilivyoletwa huwekwa mbele, kuizunguka madhabahu. Mikungu ya ndizi huegemezwa ukutani, magunia hupangwa chini, vikapu vya mayai huwekwa mahali pasipopitwa na miguu. Mbuzi na ng'ombe hubaki nje wamefungwa mitini, na huitikia nyimbo kwa namna yao, hata watoto hushindwa kujizuia wasicheke. Kanisa zima hunuka ndizi mbivu na udongo.

Liturgia hufuata taratibu yake ya kila Jumapili: maungamo, masomo, imani, mahubiri na maombi. Lakini siku hiyo mhubiri ana kazi ngumu. Si kila aliyeketi mbele yake amevuna. Yuko ambaye mahindi yake yaliliwa na wadudu. Yuko aliyefiwa na mume wakati wa palizi, shamba likabaki magugu. Mhubiri ashukuruye kwa ajili ya walioshiba tu huwasukuma wengine nje ya sikukuu. Kwa hiyo mchungaji mwema huwaombea wote wawili: aliyepata, asijivune, na aliyekosa, asikate tamaa. Kisha hutoa baraka, na watu hutoka nje wakiwa wanaimba. Hapo ndipo nusu ya pili ya sikukuu inapoanza.

CHINI YA MBINGU

Mnada hufanyika nje kwa sababu nyingi. Kwanza, mbuzi hawezi kuuzwa kanisani. Pili, ukumbi wenyewe ni mdogo kwa umati wa siku hiyo. Lakini iko sababu kubwa zaidi. Uwanjani hakuna viti vya mbele na viti vya nyuma. Mzee, kijana, mwalimu, mchimba mfereji na mwenye duka husimama katika duara moja. Hata jirani wa dini nyingine, ambaye haingii kanisani, aweza kusimama ukingoni, akataja bei, akaondoka na mkungu wake.

Historia nayo yakubaliana na uwanja. Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 na kuanza kazi Machame, hawakuyakuta makanisa ya mawe yaonekanayo sasa. Huko tambarare za Wamasai ziko sharika za Kilutheri ambazo kwa miaka mingi zimekusanyika chini ya mti, watu wakiwa wamekaa kivulini na mifugo ikilisha karibu. Paa ni jambo jema wakati wa mvua, lakini watu ndio usharika.

Mnadishaji kwa kawaida ni mzee wa kanisa mwenye sauti na ulimi mtamu. Huinua kitu juu ili wote wakione, akakisifu kwa utani. Mkungu wa ndizi huambiwa kwamba ulikulia karibu na theluji. Jogoo husifiwa kwamba hajawahi kuchelewa ibada. Watu hucheka, na aliyecheka ni rahisi kufungua mkoba. Bei hutajwa, mwingine huongeza, mwingine tena. Mnadishaji huita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kisha kitu ni cha aliyetaja bei ya mwisho. Mhazini wa usharika ameketi mezani na daftari lake, akiandika kila kitu na kila fedha, na pembeni yake yuko mtu wa pili wa kushuhudia hesabu.

Mara nyingi aliyenunua haondoki na alichonunua. Aweza kusema, mkungu huu apewe mgeni aliyetoka mbali, au yule bibi kizee aketiye pale. Aweza pia kusema, urudishwe mnadani. Ndipo mkungu mmoja unapouzwa mara mbili au tatu, na kila mara fedha huingia, na mwisho wake huenda ukafika katika nyumba isiyokuwa na chakula. Hivyo ndivyo yai linavyoweza kumpita kuku kwa thamani. Lililetwa na mtu asiyekuwa na kingine. Wenziwe, kwa kulishindania, wamemwambia bila maneno kwamba alicholeta ni kikubwa.

Kwa kuwa vitu vingi vimechanganyika mbele ya madhabahu, mara nyingi mnunuzi hajui kitu kimetoka kwa nani. Mjane aliyeleta yai hutazama likipanda bei mikononi mwa watu wasiojua kuwa ni lake. Hahitaji kushukuru wala kuona haya. Kwa mtu maskini, hiyo ni heshima adimu.

MIAKA YA KUJITEGEMEA

Jambo hili lingekuwa desturi nzuri tu, kama historia isingelipatia uzito mwingine. Vita Kuu ya Kwanza ilifika Kilimanjaro mapema, kwa kuwa mpaka wa makoloni ya Ujerumani na Uingereza ulipita karibu na mlima. Mnamo Machi 1916 majeshi ya Waingereza yaliutwaa mji wa Moshi. Wamisionari wa Kijerumani waliendelea na kazi kwa mashaka, mpaka mwaka 1920 wale wa Leipzig walipoondolewa nchini. Sharika zilibaki mikononi mwa walimu na wazee wa Kiafrika. Baadaye Walutheri wa Marekani walikuja kusaidia, na Wajerumani kadhaa waliruhusiwa kurudi. Mmoja wao alikuwa Bruno Gutmann, aliyerudi Moshi ya Kale. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, Wajerumani waliwekwa kizuizini, na sharika zikapimwa kwa mara ya pili.

Gutmann huyo, aliyekaa miongoni mwa Wachagga mpaka mwaka 1938, alishikilia fundisho kwamba Injili isivunje vifungo vya ukoo, ujirani na rika ambavyo watu walikuwa navyo, bali ikae ndani yake. Wapo waliompinga, wakisema kwamba aliyatukuza mambo ya kale kupita kiasi na kuwachelewesha vijana. Ubishi huo ni wa wanachuoni. Lakini mtu atazamaye mnada wa mavuno huona kwamba ujirani ndio uliolibeba kanisa wakati wa shida. Watu waliokwisha zoea kuchimba mifereji ya maji pamoja, na kufanya kazi za msaragambo kwa ajili ya kijiji kizima, hawakuona ajabu kujenga kanisa kwa ndizi na kuku.

Kahawa iliongeza nguvu. Chama cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933, na fedha ya kahawa ikasomesha watoto wengi. Lakini fedha hiyo nayo haikuaminika siku zote. Mapatano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka duniani, na wakulima wengi wa mlimani walivunjika moyo. Wengine waling'oa mikahawa wakapanda mboga. Vijana walishuka mijini. Katika miaka ya namna hiyo sadaka ya kitu huonyesha faida yake, kwa sababu mgomba hauulizi bei ya kahawa, wala kuku haachi kutaga kwa kuwa soko limeharibika. Aliyekosa fedha bado alikuwa na cha kuleta.

HATARI ILIYO UWANJANI

Haifai kuisifu desturi bila kusema madhara yake. Mnada ni moto: hupika, na pia huunguza. Watu wawili wenye mali wakishindana kwa ajili ya mbuzi mmoja, watazamaji hufurahi na mhazini hufurahi. Lakini mashindano yakizidi, duara huwa jukwaa la wawili, na wengine huwa watazamaji wa utajiri wa wenzao. Mtu mwenye fedha kidogo, aliyetaka kununua papai ampelekee mwanawe mgonjwa, huona aibu kutaja bei yake. Hapo methali imegeuzwa, na moyo umepishwa na utajiri.

Hatari ya pili ni deni. Katika furaha ya mnada mtu hutaja bei asiyokuwa nayo mfukoni, akaandikwa katika daftari la ahadi. Jumapili mbili zikapita, mwezi ukapita, na sasa hukwepa kuonana na mhazini. Sadaka imezaa uadui nyumbani, kwa kuwa mke alisikia bei ile kama wengine walivyosikia, naye ndiye anayejua kwamba karo ya shule haijalipwa.

Hatari ya tatu ni hesabu isiyosomwa. Fedha iliyokusanywa mbele ya watu yapaswa pia kuelezwa mbele ya watu. Usharika usomao wazi Jumapili ifuatayo kiasi kilichopatikana na kazi kitakachofanya, mwakani hupata zaidi. Usharika unyamazao hupanda maneno ya chinichini, na maneno hayo huota upesi kuliko maharage.

Ndiyo maana mnadishaji mwenye hekima hufuata kanuni chache. Huanza na vitu vidogo, ili wenye fedha kidogo wanunue kabla bei hazijapanda. Hugawanya mkungu mkubwa kuwa vichane, watu wengi wapate. Akiona wawili wanashindana kwa hasira, huwageuza kwa utani, akawaomba wanunue kwa pamoja. Na akijua kwamba mtu anataja bei iliyo juu ya uwezo wake, hujifanya hakusikia. Kutosikia kwa namna hiyo ni wema.

MJINI NA KAMBINI

Sharika za mijini nazo hufanya sikukuu ya mavuno, ijapokuwa wengi wa waumini wao hawana hata tuta moja. Karani, dereva, mwuguzi na askari huvuna mshahara. Wengi hutoa fedha katika bahasha. Wengine huleta sukari, mchele, sabuni au mafuta ya kupikia, na vitu hivyo hunadiwa nje kama mikungu ya mlimani. Hapana ubaya. Kila mtu hushukuru kwa alichovuna.

Kwa jamaa iishiyo kambini, mbali na kwao, habari hii ina mafundisho yanayofaa bila kujali dhehebu. Askari huhamishwa, na mkewe hujikuta miongoni mwa majirani asiowajua, wenye lugha nyingine na chakula kingine. Ibada ya ndani peke yake haimtoshi, kwa kuwa baada ya baraka kila mtu hurudi chumbani kwake. Lakini pale watu wakaapo pamoja nje baada ya ibada, wakanunua, wakacheka, wakapikiana chai, ndipo mgeni apatapo jina. Padri wa jeshi au mzee wa kanisa aweza kuanzisha jambo hilo bila gharama kubwa, akizingatia haya.

Siku itangazwe mapema, angalau mwezi mmoja kabla, tena isiwekwe mwisho wa mwezi wakati mifuko imekauka. Kila nyumba iombwe ilete kitu kimoja kilichotoka mikononi mwake: mboga za bustani ya nyuma ya nyumba, mkate uliookwa, kikapu kilichosukwa, kitambaa kilichodariziwa. Nafaka iletwayo iwe imekauka vizuri na kupepetwa, kwa kuwa nafaka yenye unyevu huota ukungu na yaweza kumdhuru alaye. Mayai yatiwe majini kwanza: lile lielealo limezeeka, lisiletwe. Mnyama afungwe kivulini, apewe maji, na asibebwe miguu juu kichwa chini. Bei zilipwe papo hapo, na ahadi zisizidi juma moja. Watu wawili wahesabu fedha, na hesabu isomwe hadharani.

Tena asisahauliwe yule aliye zamu. Siku ya sikukuu wapo walinzi malangoni, wapo polisi barabarani, wapo wauguzi wodini. Mume aliye safarini aweza kuwakilishwa na mwanawe, akabeba kitu na kusema kwamba hiki ni cha baba. Na kabla mnada haujakwisha, litengwe fungu la walio kazini na wagonjwa, wapelekewe jioni ile ile. Kule mlimani jambo hili ni la lazima kama sala yenyewe. Uwanja ukianza kuwa mtupu, na ukungu ukianza kushuka tena juu ya migomba, vijana hutumwa na vikapu kwenye nyumba za vikongwe na waliolala kitandani. Hupewa ndizi, maharage na maziwa, na huambiwa ni nani aliyehubiri, nyimbo gani ziliimbwa, na jogoo yupi aliyewachekesha watu. Mgonjwa asikiaye habari hizo hajakosa sikukuu. Imemfuata mpaka kitandani pake, ikiwa mikononi mwa mtoto wa jirani.